UZI: Kupanga matangazo ya mwaka 2027 kwa wenye maduka ya onlaini (mi nauza nguo za watoto ila wengine wote karibuni)

Mleta uzi

Wakuu habari za majukumu, salamu kwenu dada zangu na kaka zangu mnaouza vitu Instagram, TikTok, WhatsApp na wale mliofika mbali mna tovuti zenu kabisa. Naona kila mwezi humu mtu anaomba mbinu za kupata wateja na majibu ni yale yale, posti kila siku, lipia tangazo, ita mtu maarufu akushike bidhaa. Sawa. Ila mwaka mzima unakwendaje hakuna anayeuongelea, mtu anaishi posti kwa posti, Machi ikifika ndo anakumbuka Eid iko mlangoni anakimbilia Kariakoo anakuta saizi nzuri zishaisha na bei imepanda.

Mi nauza nguo na viatu vya watoto, miezi sita mpaka miaka 12. Mzigo mwingine nachukua Kariakoo mwingine unatoka Guangzhou kwa kuchangia kontena, wateja wangu wengi Dar na wengine mikoani natuma kwa basi. Nilivyokaa na daftari langu kupanga 2027 nimeona mambo ambayo kila mwenye duka la onlaini anapaswa kuyajua mapema, ndo maana nimefungua uzi.

Msingi wa yote ni hela. Ukisema unapanga matangazo ya mwaka maana yake unapanga hela, ya mteja inaingia lini na inatoka kwenda wapi, alafu ya kwako ya mzigo inatoka lini ili bidhaa iwe mkononi siku mteja anaposhika hela yake. Picha nzuri na kapshen vinakuja baada ya hapo. Zile kalenda za masoko watu wanadownlodi mtandaoni zimeandikwa kwa ajili ya Marekani, zina siku ya maboga na sijui msimu wa baridi Januari, wakati Januari ya kwetu mzazi anakamuliwa ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba.

Sasa tuangalie 2027 yenyewe maana Februari yake ni ya ajabu. Mwaka mpya wa Kichina ni tarehe 6 Februari. Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Jumatano ya Majivu ni tarehe 10. Alafu Valentine tarehe 14 ambayo ni Jumapili, yani imeangukia ndani ya Ramadhani na ndani ya Kwaresma kwa pamoja. Eid el-Fitr inakuja karibu na tarehe 10 Machi kutegemea mwezi utakavyoandama, na Pasaka ni tarehe 28 Machi.

Hebu soma tena hizo tarehe taratibu. Anayeuza nguo za sendofu, kitchen party na harusi, Februari na karibu Machi yote kwako kimya, Waislamu wamefunga na Wakatoliki hawafungi ndoa za shangwe Kwaresma, sherehe zinarudi kwa kishindo baada ya Pasaka. Kwa hiyo hela ya tangazo uliyozoea kumwaga kwenye Valentine ishikilie mpaka mwishoni mwa Machi. Anayeuza nguo za watoto kama mimi, unapata sikukuu mbili kubwa ndani ya wiki tatu, Eid alafu Pasaka, ndo mavuno yenyewe ya nusu ya kwanza ya mwaka.

Ila sasa tatizo liko China. Viwanda vinafungwa kwa ajili ya mwaka mpya wao, na sio siku ile tu, vibarua wanaanza kuondoka kwenda kwao kuanzia katikati ya Januari na uzalishaji unarudi sawasawa mwishoni mwa Februari. Mzigo wa meli kutoka Guangzhou mpaka Dar ni siku 30 hadi 45 baharini, ongeza kutoa bandarini, ongeza wiki mbili agenti akukusanyie kutoka kwa wauzaji tofauti tofauti. Piga hesabu kurudi nyuma. Eid ni 10 Machi, watu wananunua sana kumi la mwisho la Ramadhani, mzigo inabidi uwe stoo mwanzoni mwa Februari ili upige picha na kuanza kuuonyesha. Kwa maana hiyo lazima uwe umepakiwa katikati ya Desemba, na oda umelipia Novemba 2026 mwishoni.

Mwaka wako wa 2027 unaanza Novemba 2026 wakuu. Na Novemba ndo mwezi ambao hela yako yote iko kwenye mzigo wa Krismasi haujauzika bado. Hapo ndo watu wanakwama, sio kwamba hawajui kutangaza. Dawa yake ni kuanza kuuza Krismasi mapema, Novemba yenyewe, kwa wateja wa zamani kwanza, uonyeshe mzigo na uchukue malipo ya awali nusu, ile hela inazunguka inaenda kulipia Eid. Asiyeweza basi mzigo wa Eid aulete kwa ndege mwezi wa kwanza mwanzoni kabla hawajafunga, vitu vyepesi tu, magauni na kanzu za watoto, viatu kwa ndege vitakumaliza kwa kilo.

Ntaendelea, natoka kidogo kuna mzigo unakwenda Mbezi stendi.

---

Mdau, Temeke

Mkuu umeongea kitu. Mi nachukua Kariakoo tu siagizi China, hiyo hesabu inanihusu?

---

Mleta uzi

Inakuhusu tena sana. Hao unaochukua kwao Kariakoo wao ndo wanaagiza. Wao wakikosa, wewe unakosa. Nenda mwezi wa kwanza katikati, kabla Ramadhani haijaanza, saizi zote zipo na wauzaji wa jumla wanataka kupunguza mzigo kwa sababu Januari imekauka. Ukienda kumi la pili la Ramadhani unashindania gauni na watu waliotoka Lubumbashi, Lusaka na Comoro, wale wanabeba mabalo. Na weka akilini soko lenyewe linaweza kusimama, Mei 2023 na Juni 2024 wafanyabiashara waligoma maduka yakafungwa siku kadhaa, mtu aliyekuwa anauza kwa picha bila stoku mkononi alikuwa hana cha kumpelekea mteja.

Tuendelee. Hela ya mteja.

Mfanyakazi wa serikali mshahara unaingia kuanzia tarehe ishirini na kitu, sekta binafsi mwisho wa mwezi. Tangazo la kulipia liwekwe kuanzia tarehe 22 mpaka tarehe 5, hapo katikati ya mwezi posti za bure tu, maswali na majibu, kuonyesha mzigo, kuelimisha vipimo. Mi naona watu wanagawa bajeti sawa kila siku, elfu tano kila siku mwezi mzima, tarehe 15 inbox inajaa "sh ngapi" na "ntakucheki mwisho wa mwezi". Umelipia mtu akutazame.

Wakati wa Ramadhani saa zinabadilika pia. Mchana watu wamefunga wamechoka, meseji zinaanza kumiminika baada ya tarawehe mpaka usiku mkubwa, wengine wanaamka daku ndo wanachagua nguo. Kama unajibu mwenyewe panga ulale mchana kidogo, au mwombe mdogo wako akushikie simu zamu ya usiku, mteja wa saa tano usiku ukimjibu saa tatu asubuhi keshanunua kwa mwingine.

Alafu kuna mikoa. Nani kawaambia nchi nzima inapata hela siku moja? Mtwara na Lindi minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yakianza kuingia kwa wakulima kule kila mtu anajenga, ananunua simu, anavalisha watoto. Tangazo langu la Oktoba mpaka Desemba linaelekezwa kusini waziwazi, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa. Kanda ya Ziwa msimu wa kununua pamba unafunguliwa Mei, Simiyu na Shinyanga hapo. Mpunga unavunwa Mei mpaka Julai, Mbarali na Kilombero wanachangamka. Njombe, Makete, Iringa na Mbeya baridi ya Juni mpaka Agosti inauza masweta, kofia na soksi nzito za watoto wakati Dar hata hawakuelewi unauza sweta la nini. Kwenye kuweka tangazo la Facebook na Instagram unachagua mkoa au mji, ni kitu cha dakika mbili, na watu wengi wanaacha "Tanzania" nzima.

---

Mdau, Mwanza

Kaka hapo kwenye pamba nakuunga mkono, huku mwezi wa sita na wa saba ukienda magulio ya Maswa unashangaa hela ilivyo. Ila swali, bajeti kwa mwaka unaipangaje, mi naweka nilichonacho mfukoni siku hiyo.

---

Mleta uzi

Swali zuri mkuu, ngoja nilijibu kwa kirefu maana hapa ndo penye duka au hakuna duka.

Anza na bidhaa moja. Tuseme gauni unalinunua 15,000 mpaka linakufikia, unauza 28,000. Faida ghafi 13,000. Mfuko na stika 700. Umeweka tangazo la laki moja, wakaja watu 80 kuuliza, wakanunua 20, maana yake kila oda tangazo limekula 5,000. Umebaki na 7,300, hapo hujatoa bando, makato ya kutolea hela, na muda wako. Sasa mtu mwenye gauni hilo hilo anaamka asubuhi anaandika OFA ASILIMIA 20, gauni linakuwa 22,400, amebaki na 1,700. Anauza sana wiki hiyo, anafurahi, mwisho wa mwezi hela ya kurudisha mzigo hana na hajui imekwenda wapi. Ofa ni gharama ya tangazo kama gharama nyingine, iandike kwenye bajeti.

Kwenye mwaka sasa. Mfano unalenga mauzo ya milioni 36, ukitenga asilimia 7 ni 2,520,000. Ukigawa kwa 12 unapata 210,000 kila mwezi na hiyo ndo njia ya kuharibu. Mi ningeweka laki saba kuanzia mwisho wa Januari mpaka Pasaka, laki tatu Aprili na Mei kwa ajili ya Eid el-Adh-ha ambayo inatarajiwa karibu na tarehe 16 Mei, laki tano Juni mpaka Septemba hapo una baridi ya nyanda za juu, harusi na mahafali, 820,000 Oktoba mpaka Desemba, alafu laki mbili inabaki haina kazi. Hiyo laki mbili usiiguse, kuna siku posti moja ya bure itapata watu wengi kuliko kawaida, siku hiyo ndo unaichukua unaisukuma ile posti ambayo tayari watu wameonyesha wanaipenda.

Angalia pia risiti za tangazo. Toka Julai 2022 sheria yetu inadai VAT kwenye huduma za kidijitali za kampuni za nje, kwa hiyo uliyopanga na itakayotoka kwenye kadi inaweza isiwe sawa. Weka pengo.

---

Mdau, Morogoro

Dada/kaka mleta uzi, mi niko na wafuasi elfu nne Instagram ila wanaonunua hawafiki hata kumi kwa mwezi. Nikipanga mwaka si napanga hewa?

---

Mleta uzi

Mi kaka 🙏. Mkuu wafuasi sio wateja, mteja ni mtu ambaye una namba yake na unajua amenunua nini. Hapa naomba kila mtu asome.

Nina daftari, la karatasi kabisa, afu naingiza kwenye simu usiku. Mstari mmoja unakaa hivi: tarehe, namba ya simu, eneo, mtoto jinsia gani ana miaka mingapi, amechukua nini saizi gani, kalipa kwa nini. Ukurasa wa nyuma nina orodha nyingine, ya vitu watu walivyoulizia nikawa sina. Hiyo ya nyuma ndo inaniambia niagize nini msimu unaofuata. Wakina mama wameulizia kanzu za miaka 2 mara nyingi kuliko miaka 8, sawa, oda inayofuata inafata hivyo, sio nifate nilichokiona mimi kizuri.

Sasa uzuri wa nguo za watoto, mtoto anakua. Mama aliyechukua saizi ya miaka 3 Eid ya mwaka huu, Eid ijayo anataka ya miaka 4, na wewe unajua kabla yeye hajakumbuka. Unamtumia meseji yake mwenyewe, "Mama Latifa shikamoo, mwaka jana ulimchukulia Latifa gauni la kijani saizi ya 3, mzigo wa Eid umefika nimekuwekea picha mbili za saizi ya 4, ukipenda nakuhifadhia mpaka Ijumaa." Hiyo meseji haina gharama ya tangazo hata mia. Ile 5,000 iliyokuwa inaliwa na tangazo inabaki kwako. Kwangu mimi kazi ya tangazo la kulipia ni kuleta mtu mara ya kwanza tu, mara ya pili na ya tatu ni kazi ya daftari. (Latifa ni jina la mfano, msije kumtafuta.)

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, ile orodha ya kutuma meseji kwa wengi ya WhatsApp inachukua watu 256 kwa orodha moja, na meseji inamfikia yule tu aliyesevu namba yako. Una watu 256, waliosevu ni 30, basi umewatumia 30. Kwa hiyo kwenye kila mfuko naweka kikaratasi, sevu namba hii kwa jina la duka uone mzigo mpya kwanza. Na mwombe ruhusa kabisa, "nikikutumia mzigo mpya ukifika ni sawa?" Akisema hapana usimtumie. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi toka Mei 2023, namba ya mteja na umri wa mtoto wake ni taarifa zake, hivyo usizigawe kwa rafiki yako anayeuza vyombo.

Na bei andikeni jamani. "Bei inbox" inafukuza watu. Posti yangu inakaa hivi: *Gauni la pamba, miaka 4 mpaka 5, kifua inchi 24, urefu inchi 22, 28,000. Dar tunakuletea, lipa ukipokea. Mikoani tunatuma kwa basi. Oda za mikoani za Eid mwisho Jumamosi tarehe 6 Machi saa sita mchana.* Kila swali ambalo mtu angeuliza liko hapo, anayekuja inbox anakuja kutoa eneo alipo.

---

Mdau, Zanzibar

Assalam alaykum. Maneno mazuri haya. Huku kwetu Eid ni kila kitu, watoto wanatoka Mnazi Mmoja na nguo mpya siku nne nzima, si siku moja, kwa hiyo mzazi ananunua pea mbili tatu. Mleta uzi hilo umelihesabu? Na mzigo wako unakuja kwa boti, bahari ya Machi sawa lakini usiache mpaka siku ya mwisho.

---

Mleta uzi

Waalaykum salaam warahmatullah, ahsante sana ndugu yangu, hilo la siku nne nalichukua kama lilivyo, Zanzibar natengeneza seti, nguo tatu kwa bei moja, na mwisho wa oda zenu nausogeza nyuma mpaka tarehe 4 Machi. Kuandama kwa mwezi nako kunaweza kusogeza siku moja huku au kule kwa hiyo hakuna kuahidi "itafika siku ya Eid asubuhi".

Na wenye mipango ya mbali, Ramadhani inarudi nyuma siku 10 mpaka 12 kila mwaka. 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, 2029 katikati ya Januari, yani ada, sare na nguo za Eid vinambana mzazi yule yule ndani ya wiki chache, na 2030 Ramadhani zitakuwa mbili, moja Januari na nyingine inaanza mwishoni mwa Desemba. Anayeangalia mauzo ya mwaka jana tarehe ile ile na kusema "Machi huwa nzuri" atapotea.

---

Mdau, Nairobi

Niaje wasee wa TZ, hii thread imeiva. Huku Kenya shule ziko na term tatu, January, end ya April na August so sisi back to school tunapiga mara tatu, na sare ndio inabeba biashara yangu. Black Friday, ile siku ya discount kubwa ya November, hapa watu wanaingojea sana. Nyinyi mnaifanya?

---

Mleta uzi

Karibu sana ndugu yetu. Kwenu Black Friday imeshika kwa sababu maduka makubwa ya onlaini yameizoesha, huku Jumia wenyewe walifunga Tanzania Novemba 2019 na wateja wengi wa kawaida hawaijui. 2027 ni tarehe 26 Novemba. Msimamo wangu, nguo ya Krismasi usiishushe bei mwezi mmoja kabla ya Krismasi, mtu angeilipa bei kamili wiki mbili mbele. Mi siku hiyo natoa masweta yaliyobaki toka Agosti na saizi mojamoja zilizobaki peke yake, stoo inakuwa nyeupe, basi.

Desemba yenyewe kuna jambo moja. Krismasi 2027 ni Jumamosi, lakini mteja wa Moshi na Arusha anayekaa Dar anapanda nyumbani wiki mbili kabla, nguo za watoto anazitaka kabla ya tarehe 12, na ukifika tarehe 18 mabasi ya kaskazini yamejaa abiria na mizigo yao, cha kwako kinasubiri basi la kesho. Msimu wa Krismasi kwa mteja wa kaskazini unaisha kabla wa Dar hajaanza. Na anayeagiza China kwa Krismasi akumbuke wiki ya kwanza ya Oktoba wale wanafunga tena kwa sikukuu yao ya taifa, mzigo uwe umelipiwa mwanzoni mwa Septemba.

Sare sisi huku ni Januari zaidi, na Julai kidogo shule zikifunguliwa na watoto wa kidato cha tano wanaripoti. Ila nyinyi wa Nairobi mna faida, mara tatu sio mchezo.

---

Mdau, Kigamboni

Vipi kuhusu mtandao wenyewe ukileta shida? Mwaka jana Oktoba nilikaa siku sioni hata oda moja.

---

Mleta uzi

Hili lazima liwe kwenye mpango, kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima karibu masaa sita. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa na ikakaa siku kadhaa, wenye bodaboda, wenye vyakula, sisi wote wa onlaini tukakaa. Mtu aliyekuwa na namba za wateja kwenye karatasi aliweza kupiga simu na kutuma SMS ya kawaida, aliyekuwa na wafuasi tu alikuwa hana pa kuanzia. Kwa hiyo kila mwezi chapisha au nakili orodha ya wateja wako mia wa kwanza. Na kama kuna mtu mwenye fremu mtaani kwako mnaelewana, mwachie mzigo kidogo aweke kwa kamisheni. Mvua za masika nazo, Machi mpaka Mei, kuna siku barabara ya Jangwani inafungwa na boda hafiki, siku hizo mwambie mteja ukweli asubuhi mapema kabla hajauliza, ataelewa.

---

Mdau, Dodoma

Mkuu nimefatilia mwanzo mwisho. Mi nina laki tatu tu, sina China wala milioni 36. Naanzia wapi mwaka huu?

---

Mleta uzi

Mkuu laki tatu inatosha kuanza ila sahau habari ya misimu yote, chagua mmoja na bidhaa moja. Uko Dodoma, mji una wafanyakazi wa serikali wengi, mshahara wao unajulikana siku. Chukua viatu vyeusi vya shule kwa ajili ya Januari. Laki mbili na ishirini mzigo, kwa mfano ukipata kwa 11,000 jumla ni pea 20, saizi 28 mpaka 33 ndo zinatembea zaidi kwangu, usichukue saizi kumi tofauti utabaki nazo. Elfu thelathini nauli na mifuko. Elfu hamsini tangazo, na uliweke Dodoma mjini tu, uanze baada ya mshahara wa Desemba mpaka wiki ya kwanza shule zinapofunguliwa, kwa sababu ukiweka mapema kabla ya Krismasi utawakuta bado wako kwenye mchele na nyama. Hela ikirudi usiguse faida, yote inaingia kwenye nguo za Eid na Pasaka kabla ya tarehe 20 Januari.

Kwenye viatu kinachokula hela ni kubadilisha saizi, boda aende arudi. Usimuulize mama "anavaa namba ngapi", namba zinatofautiana kiwanda na kiwanda. Mwambie mama mtoto akanyage karatasi, yeye achore kisigino mpaka ncha ya dole gumba, aweke rula pembeni apige picha akutumie. Wewe unapima soli ya ndani ya kiatu, unaacha nafasi ya sentimita moja. Andika hivyo vipimo vya soli kwenye daftari siku mzigo unapofika, kila saizi, kabla hujapiga hata picha moja.